Tuta Lililoachwa Liugue

Hakuna mwanamke kuanzia Ngana mpaka Katumba Songwe anayezijua nyanya kama Andongwisye. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema hilo gulioni, mkono kiunoni, sauti juu. Watu wakianza kuguna, alikuwa akimalizia: "Nazijua zikiwa kwenye sufuria. Zikiwa shambani hatusalimiani."

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Aliyesalimiana na nyanya shambani alikuwa mumewe, Amon, na Amon mwaka wa pili huu alikuwa Chunya, mlinzi wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anakesha na tochi na kirungu ili dhahabu ya mtu mwingine ilale salama. Nyumbani alikuwa ameacha kofia yake kwenye msumari, nusu mfuko wa mbolea ya yuria kwa ajili ya mpunga, na agizo kwamba mfuko huo usiguswe. Kofia Andongwisye aliipangusa vumbi kila Jumapili. Mfuko, tutauona.

Amon alipiga simu mara moja kwa mwezi, mwisho wa mwezi. Aliuliza mvua, akauliza kakao, akauliza kama binti yao Prisca huko alikoolewa Tukuyu hajambo, kisha akasema salio linakwisha. Andongwisye alibaki ameibana simu sikioni hata baada ya sauti kukatika, kwa sababu ilikuwa bado ina joto.

Mwezi wa sita, mvua zilipoachia, alipanda nyanya. Matuta tisa kwenye ardhi nyeusi inayoteremkia mtoni, la tisa likiwa mwisho kabisa, kando ya migomba. Hakuagizwa na mtu. Alitaka Amon siku akirudi akute kitu ambacho hakukiacha.

Sasa, mtu aliyezaliwa kwenye mpunga hufundishwa jambo moja kabla hajajua kuhesabu: kijani ndiyo afya. Mpunga ukiwa wa njano unaupa yuria, na baada ya wiki unakuwa kama umepakwa rangi. Andongwisye aliziangalia nyanya zake, akaziona zimepauka kidogo, akauangalia mfuko, na mfuko ukamwangalia. Akachota. Kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina. Zikapendeza. Wiki iliyofuata akarudia, kwa kuwa mtoto anayekula vizuri hanyimwi. Ya tatu akaweka tena, hapo hata sababu hakujisumbua kuitafuta.

Nyanya zikaitikia. Majani yakapanuka, yakakolea kijani mpaka yakaonekana meusi, yakasongamana hata kuku wakapotelea humo. Marta, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alisimama na ndoo kichwani.

"Mama Prisca, hizo ni nyanya au magimbi?"

"Ni wivu wako huo. Pita na maji yako."

"Mi nauliza tu. Maana majani naona, nyanya sioni."

"Zinajipanga."

Hazikuwa zinajipanga. Mwezi wa saba ukungu wa Songwe ulianza kupanda asubuhi, unatambaa bondeni na kukaa juu ya majani mpaka saa nne, na siku moja Andongwisye akakuta madoa. Kahawia, yenye majimaji pembeni, kama jani limeunguzwa na pasi. Siku ya tatu lilikuwa tuta zima. Akajirushia vocha na, kwa mara ya kwanza tangu Amon aondoke, akapiga simu katikati ya mwezi.

"Kuna msiba?" Amon aliuliza.

"Nyanya zinaugua."

"Nyanya zipi?"

Ikabidi aeleze. Sauti ya Amon ikabadilika, ikawa ile ya zamani, ya mtu aliyechuchumaa.

"Uko shambani sasa hivi? Shika jani moja. Usilichume. Geuza."

"Nimegeuza."

"Chini yake kukoje?"

"Kuna kitu cheupe. Kama unga, lakini chembamba. Kama pumzi kwenye kioo."

"Shina?"

"Linateleza."

"Umeweka mbolea gani?"

Jibu la kweli lilikuwa hatua kumi kutoka pale, uvunguni mwa kitanda, likiwa limepungua. "Samadi," Andongwisye alisema. "Samadi kidogo tu."

"Samadi kidogo," Amon alirudia. "Ajabu. Nitapiga kesho nijue limeamkaje."

Akapiga kesho yake. Akapiga na jioni. Akapiga keshokutwa. Kila siku, asubuhi akitoka lindoni na jioni kabla hajaingia, Amon aliuliza habari za jani, na Andongwisye akamsomea jani kama mtu asomavyo barua. Siku ya sita, baada ya majani, Amon alisema Chunya kuna baridi. Siku ya nane alisema ameota anakula samaki, mbasa wa kuchoma. Siku ya kumi alicheka, na Andongwisye akakaa chini palepale kwenye tuta, kanga ikalowa.

Hakuwa mjinga. Alijua hakuulizwa yeye. Kila jioni alikata simu akifikiria ingekuwaje kama mtu angemwambia: simama hapo, geuka, chini ya hapo kukoje?

*

Bwana shamba wa kata alikuwa mwanamke, Teodora, mtu wa Bukoba, msichana mrefu mwenye pikipiki na buti za mvua. Alikuja Marta alipomwita. Alipita katikati ya matuta, akabana shina moja kwa vidole viwili, likabonyea.

"Mama, hizi hazijaugua kwa njaa. Zimeugua kwa shibe."

"Shibe inaua?" Marta aliuliza kutoka upande wake wa mfereji, maana hakuwa tayari kupitwa.

"Mtoto ukimpa uji mtupu kila siku anavimba mashavu, si ndiyo? Watu wanasema mtoto ana afya. Kinakuja kihoma kidogo, kinamchukua." Teodora akainua jani, mwanga ukalipenya. "Yuria ikizidi, mmea unakimbilia majani. Jani linakua haraka, ngozi yake nyembamba, na yanasongamana hata umande haukauki. Ukungu ukifika unaingia bila hodi. Umeweka vifuniko vingapi, mama?"

"Kimoja."

"Kwa shina?"

"Kwa shina." Andongwisye akaangalia migomba. "Kwa wiki."

"Kwa wiki ngapi?"

"Wiki zenyewe zilikuwa fupi."

Marta alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Teodora hakucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alikuwa na umri wa Prisca, naye alikuwa akimtazama Andongwisye kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekojoa darasani, kwa huruma.

"Usiweke tena," alisema. "Yale majani ya chini yenye madoa yakate, uyafukie mbali. Zisimamishie miti zipate hewa. Halafu zinataka potashi, ndiyo inayokaza ngozi ya mmea. Na hizi ndogo naona vitako vimeanza kuwa vyeusi, hapo ni chokaa haifiki. Maganda ya kakao mnatupa?"

"Yamejaa nyuma ya nyumba, tunayakanyaga."

"Yachome. Majivu yake yana vyote viwili. Konzi moja kwa shina, mbali kidogo na mzizi, na umwagilie kwa kipimo, si leo gharika kesho jangwa."

Alipowasha pikipiki Andongwisye alimfuata mpaka njiani. "Mwanangu, Baba Prisca akikuuliza, ni samadi."

"Mimi simjui Baba Prisca, mama."

"Vizuri. Endelea hivyohivyo."

*

Alichoma maganda siku tatu, macho yakawa mekundu kama ya mlevi. Akakata, akafukia, akasimamisha miti, akaweka majivu matuta yote tisa. Marta naye akaja na beseni lake kuomba, akaweka kwake. Baada ya wiki mbili yalitoka majani mapya, madogo, magumu kidogo, yanayokwaruza kiganja. Hayakuwa na uzuri wa yale ya kwanza. Lakini ukungu ulipanda asubuhi, ukakaa juu yake, ukaondoka, na jani likabaki jani.

Jioni akampigia Amon. "Zinapona."

"Kweli?"

"Majani mapya hayana doa hata moja."

"Ahaa. Nimefurahi." Akasikia kweli amefurahi. "Basi sasa nipumue. Tuongee mwisho wa mwezi."

Simu ikapoa.

Kesho yake asubuhi haikulia. Wala jioni. Andongwisye alikwenda nayo chooni, alikwenda nayo mtoni akaifunga kwenye pindo la kanga, aliiweka karibu na bakuli la dagaa wa usipa wakati wa kula kama mgeni. Siku ya nne alimwomba Marta ampigie, aone kama inaita. Iliita.

"Nzima," Marta alisema, akimtazama.

"Nilijua nzima. Nilikuwa naijaribu tu."

Siku ya tisa, kabla jua halijatoka, alipiga magoti uvunguni. Yuria ilikuwa imeganda kwa unyevu, akaivunja kwa vidole, baridi yake ikampanda mkononi. Alichukua kifuniko cha soda. Hakwenda tuta la kwanza, lililoonekana kutoka njiani. Alikwenda la tisa, kando ya migomba, akayaondoa kwa mkono majivu aliyoyaweka mwenyewe, na shina moja baada ya jingine akalilisha.

"Mnisamehe," aliziambia. "Ni kwa muda."

*

Ilichukua wiki tatu hivi. Tuta la tisa likapanda, likakolea, likalegea, na ukungu wa mtoni ukalitambua kama mtu anayetambua nyumba aliyokaribishwa zamani.

"Limerudi," alimwambia Amon. "Tuta moja."

"Moja tu? La wapi?"

"La mwisho."

"Geuza jani."

Akaligeuza. Na Amon akapiga kesho yake, na jioni.

Zilikuwa siku nzuri. Asiyewahi kuamka kwa ajili ya sauti hawezi kuelewa. Andongwisye aliosha uso kabla ya simu, kana kwamba angeonekana. Alijifunza kuchelewesha habari: kwanza rangi, kisha madoa, kisha shina, na kitako cha nyanya akakiweka akiba ya jioni. Amon alikuwa akikuna kichwa. Alisema samadi peke yake haiwezi kufanya hivyo. Alisema labda maji yanatuama. Alisema, "Ningekuwa hapo ningejua kwa dakika moja," na Andongwisye akafumba macho.

Halafu Teodora akaja na watu. Wakulima kumi na wanne, wengine kutoka Ngonga, wamevaa viatu vya kanisani. Alikuwa amewaleta kuona majivu ya kakao. Wakapita tuta la kwanza, la pili, wanashika nyanya zilizokaza kama mayai, wananong'ona. Andongwisye alitembea mbele akijaribu kuwageuza kwenye tuta la nane, lakini mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa ameshapita.

"Na hili?"

Wote wakasimama. Tuta la tisa lilikuwa limelala kama wagonjwa wa wodi moja.

Teodora alimtazama. Ni wakati mfupi ambao mtu anaweza kusema kweli, na ukipita umepita.

"Nimeliacha makusudi," Andongwisye alisema. "Kielelezo. Ili watu waone la yuria na la majivu."

Uso wa Teodora ukafunguka. Akatoa daftari akaandika. "Mmesikia? Mama huyu ametenga tuta zima, amekubali hasara, ili sisi tujifunze." Yule mzee akavua kofia. Mama mmoja wa Ngonga akamshika mkono kwa mikono miwili na kumshukuru, ndaga, ndaga fijo. Andongwisye aliitikia huku anawashwa mwili mzima. Sifa ya uongo huwasha kuliko upupu, nao upupu angalau mtu hujikuna mbele za watu.

Marta hakupiga makofi. Alikuwa amesimama upande wake wa mfereji, ameshika kiuno.

*

Jumatano asubuhi Marta ndiye aliyebisha hodi. Alikuwa na jani mkononi.

"Ugonile, Mama Prisca. Geuza jani hili unisaidie."

Andongwisye hakuhitaji kuligeuza, lakini aliligeuza. Pumzi kwenye kioo.

"Mengi?"

"Mstari mzima wa huku kwako. Majivu nimeweka, yuria sijaweka hata punje, nimesimamisha miti. Nimefuata kila kitu." Marta alikuwa mjane mwaka wa nne, na zile nyanya ndizo alizotegemea kupata bati za nyumba yake, kwa kuwa nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza. "Unadhani ugonjwa huu unatoka wapi?"

"Mtoni," Andongwisye alisema.

"Mtoni," Marta alirudia. Akalichukua jani lake. "Haya. Ndaga."

Marta alipotoka, Andongwisye alichukua jembe akaenda moja kwa moja tuta la tisa. Alikuwa ameliinua wakati simu ilipolia kwenye pindo la kanga.

"Nimeomba ruhusa," Amon alisema. "Nimechoka kutibu kwa simu. Jumamosi nafika nilione hilo tuta kwa macho yangu."

Jembe likashuka lenyewe taratibu.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Wiki moja. Bosi hakubali zaidi."

Wiki moja. Miaka miwili alikuwa ameomba kitu na kimekuja na mguu mmoja mlangoni. Na anakuja kuona nini? Akiling'oa tuta, anakuja kuona udongo, atakunywa maji, ataangalia saa. Akiliacha, Marta atalala chini ya nyasi zinazovuja. Andongwisye alisimama hapo mpaka jua likamchoma kisogo. Mwisho akafanya anachofanya mtu asiye na ujasiri wa kutosha wala ubaya wa kutosha. Akang'oa mashina yote, akachimba shimo, akafukia. Yote isipokuwa moja, la mwisho kabisa, lililofunikwa na mgomba. Kisha akachukua kisu na kikapu akavuka mfereji.

Walikata majani yenye madoa tangu saa nne mpaka kivuli kikageuka. Kikapu cha tatu kilipojaa, Andongwisye akasema akiwa ameinama:

"Marta. Haukutoka mtoni."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mtu haendi kuangalia kielelezo alfajiri na kifuniko cha soda. Nakuona kila siku nikichota maji. Nilidhani umechanganyikiwa. Halafu nikaona simu inalia na wewe unakimbia kuosha uso."

Andongwisye alikaa chini. "Na hukusema."

"Nilingoja useme. Kwa nyanya zangu nimekukasirikia, usifikiri sijakukasirikia. Utanisaidia kuezeka, na kila kikapu cha kwanza cha tuta la kwanza ni changu mpaka msimu uishe." Marta akang'oa jani, akaligeuza, akalitupa kikapuni. "Lakini mimi wangu huko aliko hana simu. Angekuwa nayo, ningeugua mwenyewe."

*

Jumamosi asubuhi lile shina moja lilikuwa limeanza kujikaza. Kwa ukaidi tu, kama wagonjwa wanavyopata nafuu daktari akiwa njiani. Andongwisye aliliangalia, akaangalia njia, akaingia ndani akatoka na kifuniko. Cha mwisho, alijiambia. Kweli kilikuwa cha mwisho, mfuko ulikuwa umekwisha.

Amon alifika saa saba mchana kwa bodaboda kutoka mjini Kyela. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi upande mmoja. Andongwisye alishuka magotini kumsalimia, na kwa kuwa alikuwa ameinama aliona viatu vyake kwanza, vumbi jekundu la Chunya juu ya udongo mweusi wa nyumbani, akashindwa kuinuka haraka. Dereva alishusha mizigo barazani: begi, ndoo yenye kifuniko, redio, na godoro lililokunjwa likafungwa kwa kamba.

"Pumzika kwanza, Baba Prisca. Kuna mbasa."

"Nilione tuta."

Alipita matuta manane akipunguza mwendo, akigusa nyanya kwa nyuma ya vidole. "Umefanya hivi mwenyewe?" aliuliza, na Andongwisye akasema ndiyo, na hiyo ilikuwa kweli. Kwenye la tisa akasimama.

"Liko wapi?"

"Mashina yamekufa. Limebaki moja."

Amon akachuchumaa. Kama alivyokuwa akichuchumaa kwenye simu, magoti nje, shingo mbele. Alishika jani, hakulichuma, akaligeuza. Alibana shina. Kisha akashusha kidole kwenye udongo, akakoroga polepole, na kidole kikatoka na punje nyeupe tatu, za mviringo, ambazo hazijapata muda wa kuyeyuka.

"Hii nini?"

"Chumvi," Andongwisye alisema.

"Chumvi."

"Dawa ya kienyeji. Marta alinielekeza."

Ng'ambo ya mfereji Marta, aliyekuwa ameinama muda wote bila kufanya kazi yoyote, alikohoa.

Amon akachovya kiganja kwenye mfereji, akaziweka zile punje juu ya maji, akangoja. Halafu akasema, "Lete mkono." Andongwisye akaleta. Amon akaweka kiganja chake juu ya cha mkewe, akabana, na ile baridi ikaingia katikati yao, kali na ndogo, baridi ambayo kila aliyewahi kurusha yuria na mikono yenye maji anaijua, na ambayo chumvi haina.

"Tangu lini?" aliuliza, bila kuuachia mkono.

"Tangu mwanzo. Halafu nikaacha, zikapona, ukaacha kupiga."

Amon alikuwa akiangalia lile jani. Baridi ilikwisha, yakabaki maji tu kati ya viganja, ya uvuguvugu. Andongwisye aliona aibu yake imefika mwisho, hakuna pengine pa kwenda, na mtu akifika hapo hupata nafasi ya kuinua macho. Akayainua. Akaangalia juu ya bega la mumewe, mpaka barazani penye mizigo.

"Ulisema ruhusa ya wiki moja, Baba Prisca."

"Wiki moja. Bosi mkali."

"Na godoro? Nalo limeomba ruhusa?"

Amon akaligeuza tena lile jani ambalo alikuwa amekwisha kuligeuza.